Ua wa Nyumba ya Kupanga

Mtu anapotafuta nyumba ya kupanga mjini, jambo la kwanza analouliza ni idadi ya vyumba. Hutazama paa kama halivuji, akagonga kuta kwa kidole, akaulizia bomba na choo, kisha akapatana kodi. Ni wachache mno wanaotoka nje na kuutazama ua kwa makini kabla ya kutoa fedha. Ilhali katika mji wa joto kama Bujumbura, ni uani ambako chakula hupikwa, nguo hufuliwa, watoto hucheza, wageni hupokewa na wazee hupumzika. Chumba hutumiwa usiku. Ua hutumiwa mchana kutwa. Ajabu ni kwamba mahali hapo panapobeba maisha ya jamaa ndipo panapoachwa bila matunzo, kwa sababu moja inayojulikana na kila mpangaji: si pake.

Woga huo una chanzo, wala si haki kuucheka. Wapangaji wengi wameonja uchungu wa kupamba mahali pa mtu, kisha wakaambiwa wahame. Hata hivyo, ua ulioachwa nao una gharama yake, na mara nyingi gharama hiyo hulipwa na watoto. Mfano wa jamaa moja ya mtaa wa Buyenzi unatosha kulionyesha jambo hili, na kuonyesha pia namna ya kutoka katika mtego huo.

Jamaa ya fundi

Buyenzi ni miongoni mwa mitaa ya zamani ya Bujumbura. Kiswahili ndiyo lugha ya baraza zake, barabara zake huitwa kwa namba, na mafundi wa magari wamejaa kando ya njia. Viwanja vingi vina nyumba ndogo ndogo kadhaa za kupanga, zote zikitazama ua mmoja. Katika kiwanja cha namna hiyo walihamia fundi mmoja wa magari, mkewe mshonaji na watoto wao wanne. Walipata vyumba viwili. Ua walishirikiana na wapangaji wengine wawili: mjane mmoja mzee aliyeishi na mjukuu wake, na kijana mmoja kapera aliyefanya kazi ya kubeba mizigo sokoni.

Ua wenyewe ulikuwa mpana wa kutosha, lakini haukuwa na mpango. Pembeni palikuwa na mwembe mmoja. Chini ya mwembe huo, mahali palipokuwa na kivuli bora kuliko pote, palirundikwa kifusi cha matofali yaliyovunjika, vioo na mabati yenye kutu. Bomba lilidondosha maji mchana na usiku, na udongo ulioizunguka nguzo yake ulikuwa tope jeusi. Kamba za kuanikia nguo zilifungwa ovyo, nyingine zikifika shingoni mwa mtu mzima. Kila mpangaji aliweka mbabula yake ya makaa mlangoni pake, juu ya ardhi, mahali ambapo kila aingiaye na atokaye alikuwa budi airuke.

Mke alimwambia mumewe, katika juma la kwanza, kwamba ua ule wahitaji mikono. Fundi akakataa. Katika nyumba waliyotoka, alikuwa amepanda mipapai mitatu, akasakafu mbele ya mlango kwa saruji aliyoinunua mwenyewe, na kujenga kibanda cha jiko. Mwenye nyumba alipoona jinsi mahali palivyopendeza, alipandisha kodi kupita uwezo wao. Walihama mapapai yakiwa mtini, yamekaribia kuiva.

“Mke wangu,” alisema fundi, “nimekwisha kuipamba nyumba ya watu mara moja. Sirudii.”

Basi kwa miezi miwili ua ukabaki kama ulivyokuwa.

Siku ya maharage

Asubuhi moja ya Jumamosi, mama alikuwa ameinjika sufuria ya maharage mlangoni. Mtoto wao wa mwisho, mwenye umri wa miaka miwili, alitoka chumbani mbio akimfuata dada yake, akajikwaa kwenye mbabula, na sufuria ikapinduka. Mchuzi uliochemka ulimmwagikia mkono wa kushoto, tangu kiwiko hata vidoleni.

Katika kelele zilizofuata, mmoja alileta dawa ya meno, mwingine mafuta ya kupikia, ili jeraha lipakwe. Yule mjane mzee aliwazuia wote. Alimchukua mtoto mpaka bombani, akauweka mkono ule chini ya maji yanayotiririka, na kumshikilia hapo kwa muda mrefu ingawa alilia. Kisha akaufunika kwa kitambaa safi, na mtoto akapelekwa kituo cha afya. Mganga alithibitisha kwamba mzee yule alitenda sawasawa. Sehemu iliyoungua yafaa kupozwa mara moja kwa maji safi ya baridi yanayotiririka, yasiyo ya barafu, kwa muda wa dakika 20. Bangili au nguo isiyogandamana na ngozi iondolewe, jeraha lifunikwe kwa kitu safi, na mtoto apelekwe kwa mganga. Dawa ya meno, mafuta na majivu huzuia joto lisitoke, tena huleta uchafu ndani ya jeraha.

Mkono ulipona, lakini kovu lilibaki. Usiku ule, watoto walipokwisha kulala, mama alimwambia mumewe maneno machache tu: “Nyumba ni ya watu, Baba. Watoto ni wetu.”

Fundi hakujibu. Asubuhi yake alikwenda kumtafuta mwenye nyumba.

Mapatano kabla ya jembe

Mwenye nyumba alikuwa ajuza aliyekwisha hiji, aliyekaa barabara chache kutoka hapo. Fundi na mkewe walimkuta barazani, wakamwamkia, wakauliziwa hali ya mtoto. Ndipo walipomweleza shida yao. Ajuza alisikiliza, kisha akatoa la moyoni mwake.

“Wanangu, mimi siwakatazi kusafisha,” alisema. “Lakini mpangaji mmoja aliwahi kuchimba shimo la maji machafu karibu na ukuta wangu wa matofali mabichi. Mvua ziliponyesha, msingi ukalainika na ukuta ukaanguka. Yeye alihama, kujenga upya kukawa juu yangu.”

“Hajati, hatutachimba karibu na ukuta,” alijibu mama. “Wala hatutapanda mti bila idhini yako. Nasi twaomba tusifanyiwe kama tulivyofanyiwa kule tulikotoka.”

Hapo ndipo palipo kiini cha jambo lote. Mpangaji humwogopa mwenye nyumba, na mwenye nyumba naye humwogopa mpangaji. Kila mmoja ana jeraha lake la zamani. Woga huo hauondolewi kwa kunyamaza, bali kwa mapatano. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Basi waliandika karatasi moja, wakaitoa nakala mbili, na mkuu wa nyumba kumi akaweka sahihi yake kama shahidi.

Karatasi ile ilikuwa fupi. Ilisema kwamba kila kitu kitakachokaa ardhini daima, kama vile sakafu ya bombani, mfereji na mimea ya kudumu, kitakuwa mali ya nyumba. Kwa hiyo mwenye nyumba atanunua saruji na wapangaji watatoa kazi ya mikono. Ilisema kwamba kila kitu kinachoweza kubebwa ni mali ya aliyekileta, naye ana ruhusa ya kuondoka nacho. Ilisema kwamba hakuna shimo litakalochimbwa wala mti utakaokatwa bila idhini. Ilisema kwamba kodi haitapandishwa kwa muda wa miezi 12. Mwisho, ilisema kwamba atakayetaka kuvunja upangaji, awe mwenye nyumba au mpangaji, atatoa taarifa miezi 3 kabla.

Mpangaji mwenye busara ataizingatia kanuni hii kabla ya kununua hata msumari mmoja: kinachobaki, mwenye nyumba ashiriki gharama yake, kinachochukulika, mpangaji akigharimie mwenyewe na kukitengeneza kwa namna ya kuhamishika.

Kuutazama ua kwanza

Kazi haikuanza siku ile ile. Kwa juma zima mama aliutazama ua wake kana kwamba hakupata kuuona. Aliupima kwa hatua, akachora umbo lake nyuma ya karatasi ya mshono, akatia alama mahali jua linapofika asubuhi, adhuhuri na alasiri. Alitazama pia moshi unakoelekea.

Kazi hiyo ya kutazama haigharimu kitu, na huepusha makosa mengi. Bujumbura iko zaidi kidogo ya digrii 3 kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo jua la adhuhuri hupita karibu na utosi kwa miezi mingi ya mwaka. Mwezi wa Juni huinamia kaskazini kidogo, na mwezi wa Desemba kusini. Kuta za nyumba hazitoi kivuli kikubwa saa hizo, na kivuli cha adhuhuri lazima kitoke juu. Jua la alasiri hutoka upande wa ziwa, yaani magharibi, nalo ndilo kali zaidi kwa mtu aliyechoka. Hilo hukingwa kwa pazia au mmea utambaao upande huo. Upepo nao una desturi yake kandokando ya Ziwa Tanganyika: mchana huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na usiku huteremka kutoka milimani kwenda ziwani. Jiko lililowekwa bila kuujali upepo hujaza moshi vyumbani mwa jirani.

Usafi na maji

Jumamosi iliyofuata, baada ya kazi za jamii za mtaani, wapangaji wote walikusanyika uani. Kijana kapera alisema waziwazi kwamba hana faranga ya kuchanga. Akaambiwa kuwa ana mabega. Ni yeye aliyeondoa kifusi chote chini ya mwembe, toroli baada ya toroli. Vioo vilitengwa na kufungwa ndani ya kopo ili visimkate mtu, na matofali mazima yakawekwa kando kwa kazi nyingine.

Kisha likafuata bomba. Kiungo kilichovuja kilikazwa, na saruji ya mwenye nyumba ikamwagwa kufanya sakafu ndogo yenye mwinamo. Maji ya kufulia yakaongozwa kwa mfereji mwembamba wa matofali mpaka kwenye mtaro wa barabarani, mbali na kuta.

Fundi alikuwa na kosa lake mwenyewe, naye alilikiri. Nyuma ya nyumba alikuwa amerundika matairi makuukuu, na kila tairi lilikuwa na maji ya mvua ndani yake. Katika joto la Bujumbura, yai la mbu huweza kuwa mbu mwenye mabawa kwa muda wa juma moja hadi mawili. Kwa hiyo chombo chochote kinachokusanya maji uani, kama tairi, kopo, kifuu au sahani ya kunyweshea kuku, yapasa kimwagwe angalau mara moja kwa juma, na pipa la akiba lifunikwe sawasawa. Mbu aenezaye malaria hupenda pia vidimbwi vya maji yasiyo machafu vinavyopigwa na jua. Kwa hiyo mashimo madogo ya ardhini nayo yafukiwe. Matairi mabovu yaliondolewa. Mawili mazuri yalitobolewa matundu upande wa chini ili maji yasitue, yakazikwa nusu yawe ya watoto kukalia na kuruka.

Karibu na choo waliweka kibuyu chirizi: dumu la lita 5 lililotobolewa tundu dogo, likaning’inizwa juu ya vijiti viwili, na kamba ikafungwa chini ili mtu aliinamishe kwa mguu bila kulishika. Kipande cha sabuni kikaning’inizwa pembeni. Maji yake yalidondokea juu ya changarawe, wala hayakufanya tope.

Jiko lihame mlangoni

Hilo ndilo lililokuwa shabaha ya kwanza ya mama. Matofali mazima yaliyotoka katika kifusi yalipangwa kwa udongo mtupu, bila saruji, yakawa meza ya urefu wa sentimita 70 hivi, katika pembe iliyo mbali na milango yote. Mbabula tatu zilipandishwa juu yake. Mtoto mdogo hawezi kujikwaa kwazo tena, na mpishi hainami tena mpaka mgongo ukauma. Ukuta mfupi wa matofali uliwekwa upande wa kupitia watu, na bati moja juu ya nguzo nne likakinga mvua, huku pande zikiachwa wazi. Mikono ya sufuria iligeuzwa ndani, nayo ikawa sheria ya ua.

Manufaa yake si kwa mtoto peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 hewa iliyochafuliwa majumbani kwa kupikia kuni, makaa, mafuta ya taa na mengine ya namna hiyo ilihusika na vifo vya watu milioni 3.2 ulimwenguni. Wapikao na watoto waliofungwa mgongoni ndio wavutao moshi huo zaidi. Jiko lililo mahali pa wazi, penye upepo wa kupita, ni bora kuliko lililo mlangoni au chumbani. Na jambo moja halina budi kurudiwa kila msimu wa mvua: mbabula yenye makaa ya moto isiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, hata kama usiku ni wa baridi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuwaua waliolala bila wao kuamka.

Kivuli na staha

Chini ya mwembe sasa palikuwa wazi, lakini kivuli chake hakikutosha jamaa tatu. Fundi ndiye aliyepata njia. Karakana alikofanya kazi ilikuwa na rimu za magurudumu zisizofaa tena. Aliziomba nne, akasimamisha mti mmoja katikati ya kila rimu na kuzijaza kokoto na saruji kidogo. Zikawa nguzo nzito zisizohitaji kuchimbiwa, ambazo watu wawili waweza kuzihamisha. Juu yake walitandaza turubai, lililofungwa kwa kamba zenye vifundo rahisi, ili lishushwe upesi dhoruba inapotanda juu ya ziwa. Turubai lisiloshushwa wakati wa upepo mkali huwa tanga la jahazi. Nguzo huanguka na mtu huumia.

Upande wa magharibi walipanda marakuja ndani ya nusu pipa lililotobolewa chini, na kuutambaza mmea huo juu ya nyaya. Kamba za nguo zilikusanywa mahali pamoja penye jua, zikapandishwa juu ya kimo cha mtu mzima.

Mjane mzee aliomba jambo moja tu. Alitaka mahali ambapo wanawake wangeweza kufua, kusukana na kuzungumza bila kutazamwa na kila apitaye barabarani. Walisuka pazia la matete katika fremu ya miti, wakaliegemeza upande wa lango. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko zote, na huenda ndicho kitu kilichowafurahisha wakazi wa ua ule kuliko vyote.

Bustani ya kuhamishika

Kwa kuwa hawakutaka kupanda tena mipapai ya kuwaachia wengine, mama alichagua bustani ya magunia. Njia yake ni rahisi. Gunia husimamishwa mahali penye jua la nusu siku, kukunjwa mdomo, na kutiwa udongo uliochanganywa na mbolea ya samadi iliyooza vizuri. Katikati huwekwa kopo lisilo na kitako, likajazwa kokoto. Udongo hujazwa kulizunguka, kisha kopo huvutwa juu na kujazwa tena, mpaka gunia lote liwe na mhimili wa kokoto wa kupitishia maji. Ubavuni hutobolewa matundu madogo yaliyoachana kwa upana wa kiganja, na mche mmoja hutiwa katika kila tundu. Juu hupandwa mboga nyingine.

Mama alipanda lengalenga, sukumawiki, matembele na vitunguu vya majani. Lengalenga ndiyo iliyotangulia kuchumwa, baada ya majuma manne hivi. Kutoka Juni hadi Agosti, kiangazi kinapokausha kila kitu, magunia yalinyweshwa asubuhi na jioni kwa maji yaliyooshea mchele na mboga; maji ya sabuni hayakutumika.

Kosa moja lilifanyika. Gunia la kwanza lilikuwa kubwa, na lilipolowa halikusogezeka hata na wanaume watatu. Yaliyofuata yalikuwa madogo, ya kilo 25, yaliyowekwa juu ya vipande vya mbao. Mpangaji akumbuke kwamba kitu kisichobebeka ni cha nyumba, hata kama hakikuandikwa.

Matunda ya kazi

Hakuna muujiza uliotokea. Kodi ililipwa kwa taabu kama zamani, na kijana kapera aliendelea kurudi usiku akipiga mluzi. Lakini jamaa ya fundi, ambayo zamani kila mmoja alikula na sahani yake mapajani mahali alipopata nafasi, sasa ilikula pamoja juu ya jamvi, chini ya mwembe. Watoto wa shule walifanyia kazi zao mezani uani mpaka giza lilipoingia. Mjukuu wa mjane, aliyekuwa akizurura barabarani kati ya magari yanayotengenezwa, alionekana zaidi nyumbani. Na mtoto mwenye kovu alijifunza kutoka mlangoni mbio bila mtu yeyote kumpigia ukelele.

Mwaka mmoja na miezi minne ulipopita, ajuza alikuja mwenyewe. Alikaa juu ya benchi, akanywa chai, akautazama ua kwa muda.

“Wanangu,” alisema, “mjukuu wangu anaoa, naye hana pa kuishi. Navihitaji vyumba vyenu viwili. Nimekuja leo kwa sababu karatasi yasema miezi 3.”

Habari ile iliwauma, wala hawakuificha. Lakini haikuwa kama mara ya kwanza. Hakuna aliyedhulumiwa, ajuza alitimiza neno lake la kodi, na sasa alitimiza la taarifa. Katika miezi ile mitatu fundi alitafuta nyumba bila papara. Siku ya kuhama, mkokoteni ulibeba nguzo nne za rimu, turubai, pazia la matete, mabenchi, meza, kibuyu chirizi na magunia sita yakiwa na mboga zake. Matofali ya jiko, sakafu ya bomba na lile gunia kubwa vilibaki. Pipa la marakuja lilikuwa lao kwa mujibu wa karatasi, lakini mmea ulikuwa umekwisha kukumbatia nyaya zote na kuzaa. Mama aliuacha uwe zawadi kwa bibi harusi, akachukua mbegu za tunda moja ndani ya karatasi.

Funzo la habari hii laweza kuelezwa kwa maneno machache. Ua wa nyumba ya kupanga ni chumba kisicho na dari, na watoto hukulia humo iwapo ni cha baba yao au cha mtu mwingine. Miaka ya utoto haingoji jamaa ijenge nyumba yake. Mpangaji asiache kuutengeneza ua kwa woga, wala asiutengeneze kwa upofu: atangulize mapatano, ayaandike, aanze na moto na maji kwa kuwa hayo ndiyo yenye hatari, kisha atengeneze mengine kwa vitu anavyoweza kuvibeba. Mwenye nyumba naye akumbuke kwamba mpangaji anayeutunza ua hulinda kuta zake. Kumpandishia kodi kwa sababu hiyo ni kuwafundisha wapangaji wote wajao waache tope lilale.

Katika nyumba mpya, mkokoteni ulipofika langoni, mke aliingia vyumbani kutazama madirisha. Fundi alibaki uani. Alikuwa akiupima kwa hatua, akitazama jua liko wapi.